Siku 15 za uhamisho wa Marekani zinaanza kuhesabiwa lini?

SWALI: Kampuni inanihamishia tawi lake la Marekani nikawe meneja. Watu wa rasilimali watu wanasema wamelipia huduma ya haraka, kwa hiyo viza ya L-1 itatoka ndani ya siku 15. Mwenzangu aliyehamishiwa Uingereza aliondoka mwezi mmoja tu baada ya kupeleka ombi. Nimeshashauriwa nitoe notisi ya nyumba. Je, nizitegemee hizo siku 15?

JIBU: Notisi usitoe bado. Siku 15 zipo kweli, ila si za viza. Ni muda ambao USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, imejipa kushughulikia ombi la mwajiri wako, yaani fomu I-129. Ombi likikubaliwa, wewe bado huna viza mkononi. Hapo ndipo unapojaza DS-160, yaani fomu ya kuombea viza, unalipa ada na kutafuta nafasi ya usaili ubalozini. Foleni ya ubalozi ni kitu kingine kabisa. Ada ya haraka iliyolipwa USCIS haikusogezi mbele hata hatua moja.

Tena tangu Aprili 2024 hizo ni siku za kazi, kwa hiyo hesabu wiki tatu, na zaidi kidogo kukiwa na sikukuu. Na kushughulikia si lazima kuwe kukubali. Ofisa anaweza, siku ya 14, kuandika barua ya kudai ushahidi zaidi, naye atakuwa ametimiza ahadi yake. Saa inasimama. Majibu yenu yakifika, zinaanza siku 15 nyingine mpya.

Barua hiyo ndiyo inayokula muda kuliko kitu kingine chochote, na mara nyingi huzuilika. Kwa meneja, swali ni moja: unasimamia nini hasa? Cheo kwenye mkataba hakitoshi. Wanataka kuona chati ya uongozi, nani yuko chini yako, wana elimu au majukumu gani, na ni maamuzi yapi yanaishia mezani kwako. Ukionekana unafanya kazi za kila siku wewe mwenyewe, jiandae kuulizwa. Wanaoombewa L-1B, yaani wataalamu wenye ujuzi maalumu wa kampuni, hali yao ni ngumu zaidi, maana ujuzi ni vigumu kuuonyesha kwenye karatasi.

Kagua pia ule mwaka mmoja. Lazima uwe umeajiriwa na kampuni nje ya Marekani kwa mwaka mmoja mfululizo ndani ya miaka mitatu iliyopita. Safari ulizofanya Marekani hazikati mfululizo huo, lakini siku ulizokaa kule hazihesabiwi. Aliyesafiri sana kikazi anaweza kukuta mwaka wake haujatimia, na hilo hakuna ada ya haraka inayolitibu.

Waulize rasilimali watu kama kampuni ina idhini ya jumla ya L. Kampuni kubwa nyingi huwa nayo. Mkiwa nayo, hakuna haja ya ombi lako binafsi kupita USCIS kwanza: unakwenda ubalozini na fomu I-129S, na uamuzi unafanyika hapo hapo. Kama hawana, omba nakala ya risiti ya I-129. Bila risiti, hakuna siku iliyoanza kuhesabiwa. Jambo moja la kutia moyo: L-1 haina kikomo cha idadi kwa mwaka wala bahati nasibu kama H-1B, viza ya kazi za kitaalamu.

Baada ya usaili, wengi hupata pasipoti yao kwa wakati. Wachache huambiwa faili linahitaji uchunguzi wa kiutawala, na huo hauna muda maalumu. Kwa hiyo tarehe ya kuripoti kazini iandikwe kuwa inategemea viza, na notisi ya nyumba isubiri viza iwe ndani ya pasipoti. Ombi lenyewe linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya tarehe ya kuanza kazi, kwa hiyo mwajiri hana sababu ya kungoja dakika ya mwisho.

Mwenzako hakudanganya, ila alihesabu kipande cha mwisho. Uingereza, anayeomba akiwa nje ya nchi kwa kawaida hujibiwa ndani ya wiki tatu, lakini kabla ya hapo mwajiri lazima awe na leseni ya udhamini na atoe cheti cha udhamini. Umoja wa Ulaya nao una kikomo cha siku 90 kwa uhamisho wa namna hii, kuanzia siku ombi linapokuwa kamili. Neno hilo "kamili" ndilo la kuangalia.

Kama una familia, mwenzi na watoto chini ya miaka 21 wanaomba L-2, viza ya familia ya mwenye L-1, kila mmoja kwa DS-160 yake. Mwenzi ataruhusiwa kufanya kazi. Pasipoti za watoto ziangalieni leo.