Maswali Yenu: Karatasi za Nyumbani Kabla ya Viza ya Australia

Barua za safari hii karibu zote zinauliza ada na muda. Sisi tumetanguliza zile zinazouliza majina, ndoa na watoto, kwa sababu familia nyingi za huku kwetu hukwama hapo, tena hukwama pesa zikiwa zishalipwa. Dola zote tulizotaja ni za Australia. Ada hupandishwa karibu kila Julai 1, kwa hivyo ziangalie tena kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Australia siku ile ile unayolipa.

Jina langu liko namna tatu

*Assalamu alaykum. Mume wangu ni mkazi wa kudumu wa Australia, yuko Melbourne. Tulifungishwa nikaha mwaka 2022 na tuna mtoto mmoja. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Fatma, kitambulisho Fatuma, na cheti cha ndoa kina jina la babu mahali pa jina la baba. Naambiwa hawajali, mradi picha ni yangu. Ni kweli? — Mkomani, Lamu*

Wa alaykumu salaam, dada. Si kweli. Afisa atakayelishika faili lako hakujui wala hakuoni. Anachokiona ni karatasi, na karatasi zako zinamwambia kuna wanawake watatu.

Anza kwa kuzitandika zote mkekani: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, cheti cha ndoa, cheti cha mtoto. Andika majina yote matatu kama yalivyo, herufi kwa herufi, kisha utenganishe tofauti za aina mbili. Fatma na Fatuma ni tofauti ya tahajia. Hiyo hutibiwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, ikisema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Tena ndani ya maombi kuna swali linalouliza kama umewahi kujulikana kwa jina jingine. Jibu ndiyo, uyaandike yote. Wengi huliruka swali hilo wakidhani linahusu wahalifu.

Jina la babu kukaa mahali pa jina la baba ni jambo jingine. Hapo nasaba imebadilika, na kiapo peke yake ni dhaifu. Rudi ofisi ya Kadhi iliyotoa cheti cha ndoa, uwe na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, uombe kirekebishwe. Hakikisha na cheti cha mtoto kinamtaja mama kwa jina lile lile lililo kwenye pasipoti yako. Kama pasipoti yenyewe ndiyo yenye kosa, rekebisha kitambulisho kwanza, kwa sababu cheti cha tabia njema cha polisi nacho hufuata jina la kitambulisho. Ukianzia juu utarudia kazi mara mbili.

Viza yenu ni ya mwenza aliye nje ya Australia, nambari 309, inayofuatwa na ya kudumu, nambari 100. Zote mbili huombwa pamoja na kulipiwa mara moja. Tangu Julai 2025 ada ni dola 9,365, na mtoto ana ada yake juu ya hiyo. Kwa kawaida mtu hungoja miaka miwili tangu siku ya kuomba kabla ya kutazamwa kwa ile ya kudumu. Lakini wenza ambao siku ya kuomba wana miaka mitatu pamoja, au miwili na mtoto, wanaweza kupewa ya kudumu bila kungoja. Nyinyi mna mtoto na ndoa ya tangu 2022, basi hakikisheni tarehe ya nikaha inasomeka vizuri.

Cheti cha ndoa hakitoshi peke yake. Wanatazama mambo manne: pesa zenu, nyumba yenu, mnavyojulikana na watu, na ahadi yenu ya kuishi pamoja. Kwa mke wa Lamu na mume wa Melbourne, taarifa ya M-Pesa ya miaka yote inayoonyesha pesa alizotuma ina nguvu kuliko picha mia za harusi. Weka tikiti za kila alipokuja, kumbukumbu za simu chache za kila mwezi (si kurasa elfu moja), na maelezo ya mashahidi wawili wanaowajua, kwenye fomu nambari 888, yenye mifano halisi ya waliyoyaona. Kwa kuwa kuna mtoto chini ya miaka 18, mume naye atatakiwa atoe cheti cha polisi. Aanze kukitafuta sasa.

Cheti chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu kitafsiriwe kwa Kiingereza, na mfasiri aandike jina, anwani, simu na sifa zake chini ya tafsiri. Piga skani ya rangi kutoka karatasi asili, kila faili lisizidi megabaiti 5. Hakuna haja ya kumlipa wakili apige muhuri nakala moja moja, isipokuwa wakikuomba.

Mtoto wa dada yangu ananiita mama

*Namlea mtoto wa marehemu dada yangu tangu ana miezi minne, sasa ana miaka tisa. Baba yake yupo hapa hapa lakini hajawahi kumtunza. Mume wangu ananiombea viza ya Australia. Kuna anayenishauri nimtolee mtoto cheti kipya, mimi niandikwe mzazi. — Shela, Malindi*

Mama, usikubali. Tunakuomba usikubali hata kama ni mtu wako wa karibu anayekushauri kwa huruma. Ukigundulika umetoa hati au maelezo ya uongo, ombi hukataliwa na mnaweza kufungiwa viza nyingi kwa miaka mitatu. Uongo ukiwa wa utambulisho, ni miaka kumi. Wakiwa na shaka wanaweza kupendekeza kipimo cha vinasaba, na hapo cheti kipya kitaanguka siku hiyo hiyo.

Ukweli wenyewe una njia. Watu wengi hukimbilia viza ya ndugu yatima, nambari 117. Haikufai, kwa sababu inataka wazazi wote wawili wawe wamekufa, hawajulikani waliko, au hawajiwezi kabisa. Baba huyu yupo Malindi. Na amri ya korti ya ulezi peke yake haimfanyi kuwa mwanao katika sheria ya Australia.

Kinachoweza kukufaa ni kanuni 1.04 ya Kanuni za Uhamiaji za Australia za mwaka 1994. Kanuni hiyo inakubali, pamoja na kuasili kwa amri ya korti, malezi yaliyofanywa kwa desturi ya watu wa mahali, kwa masharti: mtoto alichukuliwa kabla ya kufika miaka 18, uhusiano wenu ni wa mzazi na mtoto na umepita uhusiano wake na mtu mwingine yeyote, kuasili rasmi hakukupatikana au hakukuwezekana, na mpango haukubuniwa kwa ajili ya viza. Kwenu jambo la kuanzia ni kueleza kwamba sheria ya Kiislamu haimhamishi nasaba mtoto wa kulea. Mwombe Kadhi akuandikie hilo rasmi. Kusanya kitabu cha kliniki chenye jina lako, rekodi za shule na madrasa zinazokutaja mlezi, barua ya chifu, na cheti cha kifo cha dada yako.

Kisha kuna baba. Hata kama hajaleta hata kibaba cha unga, sheria bado inamtambua. Anatakiwa atie saini fomu nambari 1229 ya kumruhusu mtoto apewe viza, akiambatisha nakala ya kitambulisho chake. Akikataa, utahitaji amri ya korti inayokupa haki ya kuamua mtoto aishi wapi. Fuatilia hili kwanza, maana ndilo linalochukua muda.

Kesi hii si ya kujazwa saiba. Tafuta wakala wa uhamiaji aliyesajiliwa Australia, aliyewahi kushughulikia kanuni hiyo, na umwandike mtoto kwa uhusiano wake wa kweli tangu siku ya kwanza.

Nina wake wawili

*Nimepata kazi kupitia mwajiri wa Perth. Nataka niende na wake zangu wote wawili, ndoa zote ni halali kwa Kadhi. — Faza*

Bwana, haiwezekani. Sheria yao inamtambua mwenza katika uhusiano wa wawili tu, bila mwingine. Si suala la kuchagua nani aandikwe na nani afichwe, kwani ndoa ya pili ikijulikana inaweza kuliangusha hata ombi la huyo mmoja, na kuificha ni yale yale ya hati za uongo. Watoto wako wa wake wote wawili ni wako. Kila mmoja atajwe, anayesafiri na asiyesafiri, na kila anayesafiri awe na idhini ya mamake. Kaa na wakili kabla ya kujaza chochote, na wake zako wote wawili wayajue maamuzi haya kabla ya mwajiri.

Daktari na polisi

*Twende Nairobi lini kupimwa? Na nilifanya kazi Saudia miaka miwili, je inaleta shida? — Maweni, Malindi*

Msiende kwa kubahatisha. Ingojeni barua yenye nambari ya HAP (nambari ya uchunguzi wenu wa afya) kutoka ImmiAccount, akaunti yenu ya mtandaoni ya maombi ya viza, kisha mpange na daktari aliyeteuliwa na Australia. Hospitali nyingine yoyote, hata iwe kubwa vipi, haitakubaliwa. Nambari ya HAP na pasipoti ndizo za kwenda nazo. Matokeo hupelekwa moja kwa moja kwa mtandao, na kwa kawaida hudumu miezi 12, kwa hivyo anayewahi sana huenda akapimwa tena.

Kuanzia miaka 11 mtu hupigwa picha ya kifua. Mtoto wa miaka 2 hadi 10 hupimwa kifua kikuu kwa damu au kwa ngozi. Kuanzia miaka 15 kuna kipimo cha virusi vya UKIMWI. Mama mjamzito aseme mapema kabla ya picha. Ikionekana alama kifuani, hutakiwa makohozi ya siku tatu mfululizo, na kuyaotesha maabara huchukua hadi wiki nane. Kwa hivyo anayetoka Malindi au Lamu asikate tikiti ya kurudi siku hiyo hiyo, na aweke akiba ya malazi. Mwenye sukari au presha aende na barua ya daktari wake na orodha ya dawa. Ugonjwa unaotibika kwa gharama ya kawaida si mwisho wa safari. Kipimo chao ni gharama inayotarajiwa kwa serikali, nayo imewekwa dola 86,000, na kwenye viza ya mwenza na ya mtoto kuna msamaha unaoweza kuombwa.

Saudia haileti shida, lakini inaleta kazi. Nchi yoyote uliyokaa jumla ya miezi 12 au zaidi ndani ya miaka kumi iliyopita, tangu ulipotimiza miaka 16, inataka cheti chake cha polisi. Cha Saudia hakitoki upesi kwa aliyekwisharudi, basi uliza ubalozi wao leo. Cha Kenya unakiomba eCitizen, shilingi 1,050, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole.

Mamangu mzee

*Tuko ndugu saba, wawili wako Sydney. Tunaweza kumpeleka mama akaishi nao? — Langoni, Lamu*

Kwa viza ya kudumu ya mzazi, hapana. Kuna sharti kwamba angalau nusu ya watoto wawe wakazi wa Australia, au walio Australia wawe wengi kuliko walio nchi nyingine yoyote moja, na wawili kati ya saba hawafiki ikiwa nyinyi wengine watano mko Kenya. Hata wangefika, ile ya bei nafuu, nambari 103, foleni yake inapita miaka 30, na ile ya kuchangia, nambari 143, inapita dola 43,000 kwa mzazi mmoja. Iliyobaki ni nambari 870, ya miaka mitatu au mitano, isiyo na sharti la nusu. Mwana aombe kwanza kuidhinishwa kuwa mdhamini, awe na kipato kinachotakiwa, na mama akatiwe bima ya afya. Haruhusiwi kufanya kazi.

Wakala ananionyesha viza ya kubandika

*Ameniomba laki moja na nusu kwa M-Pesa, na amenitumia picha ya stika ndani ya pasipoti. — Malindi*

Usitume. Australia iliacha kubandika viza kwenye pasipoti tangu Septemba 2015. Viza ni ya kielektroniki, na huthibitishwa bure kwenye VEVO, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Australia wa kukagua viza. Wakala aliyesajiliwa ana nambari ya tarakimu saba, unayoweza kuitafuta mwenyewe kwenye daftari la umma. Na hakuna bahati nasibu ya viza ya Australia kwa Mkenya, yeyote atakayekuambia ipo.

Nibebe nini?

*Papa mkavu, achari, halwa, udi na sanduku dogo la mbao vinaruhusiwa? — Shela, Lamu*

Kila chakula, mmea, mbao na kitu cha mnyama hutangazwa kwenye kadi ya kuingilia. Ukitia alama ya ndiyo, kisichoruhusiwa huchukuliwa tu na wewe unapita. Ukitia hapana na mbwa akanusa, ni faini ya maelfu, na viza inaweza kufutwa pale uwanjani. Viungo vya pakiti ya dukani vyenye lebo havisumbui sana. Nyama, mbegu na matunda mabichi viache. Gamba la kasa na miraa usiviguse kabisa. Sanduku la mbao likaguliwe matundu ya wadudu kabla hujalifunga. Dawa zisizidi za miezi mitatu, ziwe na barua ya daktari, na fedha taslimu za dola 10,000 au zaidi zitangazwe.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja. Vitabu vya kliniki vya watoto viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la chini ya ndege, kwa sababu chanjo zao zitaingizwa kwenye daftari la chanjo la Australia, na bila hizo posho ya mtoto hupunguzwa na msaada wa ada ya chekechea hautolewi.