Muulize Mjomba: Nataka ukocha wa besiboli chuoni, naanzia wapi?

SWALI: Kamwene Mjomba. Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari huku Mafinga, nafundisha riadha na netiboli, ila usiku nakesha Yutubu naangalia besiboli ya vyuo vya Marekani mpaka bando linakata. Ofisini walimu wenzangu wananicheka. Digrii ya elimu ya viungo ninayo. Mtu anafikaje kuwa kocha mkuu wa chuo kule na kazi yenyewe ikoje, maana mimi namuona mzee kavaa jezi kama wachezaji, anatafuna mbegu za alizeti basi. Mwl. wa Mafinga.

JIBU: Kamwene sana mwalimu, waache wacheke. Jezi usiishangae, besiboli ndo ilivyo, kocha ana miaka 65 na kitambi juu lakini anavaa kama vijana wake, hakuna cha suti.

Na hatafuni mbegu tu. Ukipata bando lingine muangalie mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kabla mpira haujarushwa: kutoka benchi mtu anapaza sauti, mbili! moja! nne! naye anachungulia kikaratasi alichofunga mkononi, pale namba 214 ina maana yake, mpira wa aina gani na uende upande gani. Vyuoni mara nyingi benchi ndo linaamua hayo, mpira kwa mpira, na kwenye mechi moja mipira inavuka 100 bila shida. Siku hizi wengine wameacha kupiga kelele, wanatumia kifaa cha sikioni.

Ila hiyo ndo sehemu ndogo ya kazi. Msimu una mechi kama 56 kuanzia Februari hadi Mei, halafu timu 64 zinaingia mchujo na 8 zinazobaki zinaenda Omaha, Nebraska mwezi wa 6 kugombea ubingwa. Hayo ndo unayoyaona Yutubu. Usichokiona ni kusaka vijana, na kuwabakiza ukishawapata. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la 1 kiliruhusiwa ufadhili 11.7 tu kwa timu nzima, umesoma vizuri, kumi na moja nukta saba, kocha anaukatakata kwa vijana wasiozidi 27, huyu robo ada, huyu nusu, halafu aende sebuleni kwa watu amweleze mama mzazi kwa nini mwanae kapewa robo. Msimu wa 2025/26 utaratibu umebadilika, vyuo vilivyoingia mfumo mpya vina kikomo cha wachezaji 34 na wote wanaweza kufadhiliwa kama hela ipo. Kama hela ipo! Na mwezi wa 7 timu za kulipwa zinachagua vijana, mtoto uliyemfukuzia miaka miwili toka sekondari anachukuliwa hata darasani kwako hajaingia, na wako waliomaliza mwaka wa tatu au kufika miaka 21 nao wanaondoka. Bado wanaohamia vyuo vingine. Kwahiyo mwezi wa 8 kocha anahesabu upya nani kabaki, na mimi naona hapo ndo makocha wanapotofautiana, sio kwenye zile namba za benchi.

Njia ya kufika sasa. Wengi wanaanza kuwa wasaidizi, miaka na miaka, mshahara mdogo, na mpaka 2023 kulikuwa na nafasi ya msaidizi wa kujitolea kabisa asiyelipwa na timu. Tony Vitello alizunguka vyuo vya Missouri, Texas Christian na Arkansas akiwa msaidizi ndo Tennessee wakampa ukocha mkuu 2017, akachukua ubingwa 2024, na Oktoba 2025 San Francisco Giants wakamchukua akaongoze timu ya kulipwa wakati hajawahi kucheza wala kufundisha huko. Augie Garrido alianzia San Francisco State 1969, chuo ambacho hata wewe na Yutubu yako hujakisikia, akaja kubeba ubingwa mara 3 na Cal State Fullerton na mara 2 na Texas.

Halafu kuna Mike Martin wa chuo cha Florida State. Misimu 40, 1980 hadi 2019, ushindi 2,029, kila msimu ushindi usiopungua 40, Omaha kaenda mara 17 na ubingwa hakuchukua hata mmoja. Watu wanamsema kwa hilo mpaka leo. Mimi naona ni uonevu, ukishafika Omaha ni siku chache tu, mrushaji wako mmoja akichoka umeenda na maji, ila kila mwaka kwa miaka 40 kuwa na timu inayoeleweka, hiyo bahati haikupi.

Wewe sasa, njia inayopitika ni kusoma masta kule kwenye chuo kidogo huku ukiwa msaidizi wa timu. Huwezi kwenda mikono mitupu lakini, watakuuliza umefundisha nani. Kwahiyo anza hapohapo Mafinga na vijana wako wa mkuki, mkono upo tayari, na mabinti waliokua wanacheza rede wanajua kurusha kwa shabaha, hao softiboli, ndugu yake besiboli wa mpira mkubwa. Glavu ndo kazi kupata, tafuta chama cha besiboli na softiboli Dar, na ukishuka huko pita Azania Sekondari, ndo penye uwanja wenyewe, Wajapani wamewasaidia sana. Mazoezi yapange mwezi wa 6 hadi wa 10, ukifuata kalenda ya Marekani mvua zetu zitakukomesha. Jifunze kuwafundisha warushaji kwanza kabla ya wapigaji, msaidizi anayejua warushaji hakosi kazi.

SWALI: Mjomba, wanalipwa shilingi ngapi? Dogo wa Tukuyu.

JIBU: We dogo! Wa juu kabisa wanavuka dola milioni 1 kwa mwaka, wa vyuo vidogo ni mshahara wa kawaida tu na wengine wanafundisha darasani pia. Rod Dedeaux, kocha wa chuo cha USC huko California, mwenye mataji 11, alikua anachukua dola 1 kwa mwaka, ila mzee alikua na kampuni yake ya malori.

SWALI: Eti mpira ukipigwa Mbeya unaenda mbali kuliko Dar? Mdau wa Uyole.

JIBU: Kweli. Hewa ya juu ni nyepesi, haiuzuii mpira sana. Denver kule Marekani wako mita kama 1,600 na warushaji wanalia kila siku, Mbeya mjini mko kama 1,700. Uzio usogezeni nyuma.