Shangazi, kidonda kimefunga, je, nirudi kubeba magunia?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Igogo hapa Mwanza, kazi yangu ni kubeba magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba. Wiki 3 zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa varikosili, yaani mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, upande wa kushoto, baada ya miaka miwili ya ndoa bila mtoto na korodani iliyokuwa ikiniuma kila jioni. Kidonda kimefunga, lakini juu ya korodani nagusa kitu kigumu, paja kwa ndani lina ganzi, na nikisimama sana nahisi uzito. Mke wangu nilimwambia naenda kutibiwa ngiri. Wenzangu wanasema aliyepasuliwa huko hazai tena. Hela imeisha. Nirudi kazini?*
*Mbeba Mizigo*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kisu na kwa mawazo.

Gunia usiliguse bado. Najua hela imeisha na najua pale Mwaloni asiyebeba halipwi, lakini nisikilize. Ngozi ya juu hufunga mapema, nyama za ndani bado zinaungana. Ukibana pumzi ukajikaza kuinua mzigo, presha ya tumbo inapanda, inavuta mshono wa ndani na kuisukuma damu irudi chini, kulekule ilikokuwa inatuama. Mtu wa mezani hurudi kazini baada ya siku chache au wiki moja. Mbeba mizigo huongezewa, mara nyingi hadi wiki 4 au 6, na kwa kazi yako mimi nakuombea hizo 6. Usije ukaacha gunia halafu ukapandisha ndoo ya maji ya lita 20 kwenye mawe ya Igogo. Hizo ni kilo 20, na ukiwa unapanda mlima unajikaza vilevile.

Nenda kwa kiongozi wenu ukiwa na cheti cha daktari, umwombe kazi ya kukaa kwa wiki hizi: kushona midomo ya magunia kwa shazia, kuhesabu yanayopakiwa, kuandika kwenye mzani. Malipo yatakuwa madogo, lakini utakula. Ukipasuka mshono utalala muda mrefu kuliko huu.

Hicho kitu kigumu unachokigusa, mara nyingi ni ile mishipa iliyofungwa. Damu iliyobaki ndani yake huganda, mshipa unakuwa mgumu na ukiubonyeza unauma. Hulainika polepole, kwa wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Ndiyo maana nakusihi uache kuubonyezabonyeza kila ukioga, maana unajitonesha mwenyewe. Ganzi ya paja nayo ina sababu yake: karibu na pale unapokatwa hupita neva ndogo za ngozi, yaani mishipa ya fahamu, na zikivutwa au kuguswa sehemu hiyo inakufa ganzi. Kwa wengi hisia hurudi taratibu.

Uzito unaouhisi ukisimama sana ndio nataka uuchunguze zaidi. Vaa chupi inayoshika vizuri, uachane na bukta pana kwa sasa, na ukilala weka taulo iliyokunjwa chini ya korodani. Kunywa maji, kula mboga na matunda, maana kujikamua chooni ni sawa na kuinua mzigo. Uzito ukipungua wiki hadi wiki, unapona. Lakini mfuko ukianza kujaa bila maumivu, mwambie daktari. Wakati wa upasuaji vijia vidogo vinavyoondoa majimaji vinaweza kufungwa pamoja na mishipa, maji yakajikusanya kuzunguka korodani. Ni busha, ila hili halikuletwa na mbu. Linaweza kutokea hata miezi baadaye. Likiwa dogo huachwa likiangaliwa tu, likiwa kubwa linatibika.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, wekundu unaosambaa, uvimbe unaokua haraka, maumivu makali ya ghafla, au mkojo ukikataa kutoka. Siku hiyohiyo rudi hospitali uliyopasuliwa, au nenda Sekou Toure au Bugando, hata kama ni usiku. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakubana, nenda mbio zaidi.

Sasa hao wenzako. Wanachosema si kweli, na kinaniuma kwa sababu vijana wengi wanaikimbia tiba kwa maneno kama hayo. Korodani yako haikutolewa. Mrija unaopitisha mbegu ni mwingine, daktari anautenga asiuguse. Nguvu za kusimamisha nazo zinategemea damu na neva za njia nyingine. Tendo la ndoa wengi huruhusiwa baada ya wiki 2 hadi 4, maumivu yakishatulia, na mara za kwanza ukihisi kuvutwa usishtuke. Tafadhali usinunue chupa za dawa ya nguvu za kiume za kutembezwa stendi. Hujaugua ugonjwa huo.

Mtoto haahidiwi na upasuaji, lakini wanaume wengi mbegu zao huongezeka na kuwa na kasi. Inachukua muda. Mbegu moja hutengenezwa kwa siku 70 na ushee, kwa hiyo zile zitakazotokana na hali mpya bado hazijakamilika. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya miezi 3, tena baada ya 6. Ukipima leo utapata majibu ya zamani na utalia bure.

Hapo ndipo namtaja mke wako. Umemwambia ngiri. Ninaelewa aibu iliyokusukuma, lakini fikiria anavyoishi yeye: kila mwezi anahesabu siku, mama wakwe wanamtazama tumbo, na hajui kwamba mumewe amelazwa mezani akapasuliwa kwa ajili ya mtoto huyohuyo. Huenda analala akijilaumu peke yake. Mwambie leo jioni, mkiwa wawili, kabla hajasikia kwa shoga yake ambaye mumewe yuko Mwaloni. Anza hivi: "Mama, nilichofanyiwa si ngiri. Ni mishipa ya korodani, na nilifanya kwa sababu nataka tupate mtoto." Anaweza kukasirika kwa kufichwa. Mwache akasirike, usijitetee. Akitulia, mwombe mwende kliniki pamoja, maana naye anastahili kupimwa. Varikosili yako haimaanishi kwamba yeye hana lake.

Siku ya kupima mbegu ikifika, kaa bila tendo kuanzia siku 2 mpaka 7, si chini na si zaidi. Omba utolee sampuli hapohapo maabara kama wana chumba. Kama ni ya kutoka nyumbani, tumia kikombe walichokupa, kiweke ndani ya nguo karibu na mwili kisipate baridi, na kifike maabara ndani ya dakika 60 tangu uitoe. Kutoka Igogo panda bodaboda, usisubiri daladala ijae.