Ruta mbili kwenye faiba moja: ushauri kwa wenye nyumba za kuta nene

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hizo zinazotupunguzia joto la Januari ndizo zinazozuia mawimbi ya waifai yasifike vyumba vya nyuma. Fundi wa faiba hufunga kifaa chake, yaani ruta kuu inayosambaza intaneti, sebuleni, pale waya ulipoingilia, kisha huaga. Anayelala upande wa uani atajijua mwenyewe. Nyumbani kwangu Dunda niliongeza ruta ya pili bila kulipia laini nyingine, na nauona huo kuwa ufumbuzi bora.

Uzi wa faiba wenyewe hauguswi. Unaishia kwenye kifaa kinachogeuza mwanga kuwa mawimbi ya umeme, na ruta nyingine huunganishwa na kifaa hicho kwa waya wa mtandao, kupitia matundu yaliyoandikwa LAN (ya mtandao wa ndani ya nyumba).

Jambo linalowasumbua wengi ni ugawaji wa anwani. Kila simu au kompyuta hupewa anwani ya IP (namba ya kuitambulisha kwenye mtandao) kwa utaratibu uitwao DHCP, na mtandao mmoja wa nyumbani unatakiwa uwe na mgawaji mmoja tu, kwani ruta mbili zikigawa kwa pamoja, simu huweza kuonyesha kuwa imeunganishwa ilhali hakuna ukurasa unaofunguka. Kama ruta yako ya pili ina chaguo la AP (access point, yaani kituo cha kurusha waifai tu) kwenye mipangilio yake, lichague, nayo itaacha kugawa. Kama haina, iunganishe kwanza na kompyuta peke yake, uipe anwani isiyogongana na ya ruta kuu wala na zile inazozigawa (kuu ikiwa 192.168.1.1, ya pili yaweza kuwa 192.168.1.2, mradi namba hiyo haimo kwenye mgao), uzime DHCP, ndipo uchomeke waya unaotoka sebuleni kwenye tundu la LAN, si la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje). Ukitumia WAN bila hali ya AP, intaneti yaweza kupatikana, lakini utakuwa umejenga mtandao ndani ya mtandao, na kompyuta ya sebuleni haitaiona printa iliyo uani.

Kuhusu waya wa mtandao, ule wa daraja la Cat5e unatosha: hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100. Epuka ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba, ingawa bei yake inavutia. Wala usitoboe ukuta wa kale kwa ajili ya waya mmoja ikiwa juu ya fremu ya mlango pana upenyo. Vile vifaa vinavyopokea na kurusha tena mawimbi bila waya sivipendekezi kwa nyumba hizi, kwa sababu vingi hutumia masafa yale yale kwa kazi zote mbili, hivyo kasi hupungua takribani nusu, na ukuta bado upo palepale.

Zipe ruta zote jina moja la waifai na nenosiri moja ili simu ihame yenyewe, ila kwenye masafa ya gigahezi 2.4 ziweke kwenye chaneli tofauti kati ya 1, 6 na 11. Umeme ukikatika, betri ya akiba iliyowekwa uani pekee haitasaidia. Kifaa cha faiba nacho kinahitaji ya kwake, na volti zilizoandikwa kwenye kila kifaa zisomwe kabla ya kununua.