Kabla ya kukabidhi madawati: kwa afisa mpya wa misaada ya kampuni, Kigoma na Tabora

Ukikabidhiwa fungu la misaada, usianze na bango na mpiga picha. Jua kwanza serikali inakulazimisha nini, na wapi inakuvuta kwa nafuu ya kodi. Wengi huchanganya.

Ushuru wa huduma, unaokatwa kwenye mauzo, ni haki ya halmashauri. Si msaada, hata diwani akikushukuru hadharani. Na ukiwa na waajiriwa kuanzia 20, sheria ya 2010 inataka angalau 3% yao wawe watu wenye ulemavu.

Kwenye madini, iwe dhahabu ya Nzega au chumvi ya Uvinza, hiari haipo. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya 2017, kinadai mpango wa kila mwaka wa misaada kwa jamii, unaofuata vipaumbele vya halmashauri na kupitishwa nayo. Kosa kubwa hutokea mkutano wa kijiji: meneja anaahidi kisima kwa mdomo, na kisima hakimo kwenye mpango. Kijiji kinadai ahadi, halmashauri inadai mpango, nawe unalipa mara mbili. Kosa la pili ni bei. Saruji ikiandikwa ghali kuliko dukani, mpango mzima unatiliwa shaka. Andika bei ya duka, na usafiri uwe mstari wake.

Sasa kodi. Mchango kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii hupunguzwa kwenye hesabu, lakini usizidi 2% ya mapato ya biashara (faida, si mauzo) yanayohesabiwa kabla ya kupunguza mchango huo. Mapato yakiwa milioni 200 na umetoa milioni 10, zinakubaliwa 4 tu. Sita zilizobaki zinatozwa 30%, yaani milioni 1.8 ambayo mhasibu hakuitarajia. Ukipitishia Mfuko wa Elimu, unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), ukomo huo haukugusi. Kwa msaada wa shule, mimi ningepita huko.

Popote utakapopitia, tunza barua ya maombi, ankara, risiti na hati ya mapokezi iliyogongwa muhuri. Picha haimshawishi mkaguzi.

Madawati yenyewe? Muulize fundi mbao imetoka wapi. Mninga wa Tabora una soko, na usio na hati ya kusafirishia kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, unaweza kukamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, madawati juu ya lori, mgeni rasmi akiwa ameshaketi.