Mafundi Wamepungua? Mweke Mmoja Kwenye Safu ya Kwanza

Mvua za Aprili zikishika Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, vibarua hurudi shambani. Mafundi nao, wengine wamefuata kazi za mafuta Hoima, wengine wako Uarabuni au kwenye bodaboda. Mashine ya mkono ya matofali ya kufungamana, yaani ya udongo na saruji yanayoingiana yenyewe, inasaidia kweli, kwa sababu ukuta wake hauhitaji motaa (mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia) kila safu. Lakini fundi hodari bado anatakiwa mahali pawili: kwenye udongo na kwenye safu ya kwanza.

Udongo ndio wenye kazi. Ondoa ule mweusi wa juu, chimba maramu mwekundu (udongo wa changarawe) wa chini yake, uanike na kuuchekecha kwa wavu wa milimita 5. Uhifadhi chini ya turubai kabla mvua haijaanza, maana ukilowa hauchekecheki. Tengeneza kisanduku cha mbao cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, kipake mafuta ndani, jaza udongo uliolowa vizuri, uache kivulini siku 7. Usukume wote upande mmoja, upime pengo. Chini ya milimita 15, changanya saruji 1 kwa udongo 18, kwa ujazo. 15 hadi 30, kwa 16. 30 hadi 45, kwa 14. 45 hadi 60, kwa 12. Likizidi 60, ongeza mchanga upime upya. Wengi huruka kipimo hiki, tofali likipasuka wanalaumu saruji.

Koroga nusu mfuko wa saruji tu kwa mara moja. Kwa kipimo cha 16, hiyo ni jerikeni 14 za udongo, za lita 20, na itoe tofali kama 40 kutegemea moldi. Zifyatuliwe ndani ya saa moja, kwani saruji ikianza kushika tofali halipati nguvu. Kujua maji, finya tonge mkononi, lidondoshe kutoka usawa wa bega: likivunjika vipande 4 hadi 6, sawa, likisagika, maji machache, likibonyea bila kuvunjika, yamezidi.

Funika matofali kwa kavera (plastiki) siku 7, ukinyunyiza maji asubuhi na jioni. Jenga baada ya siku 28.

Sasa safu ya kwanza. Hii peke yake hulazwa juu ya motaa, kwa uzi na pimamaji, kila tofali likikaguliwa kwa urefu na kwa upana. Juu yake hakuna motaa ya kurekebisha kosa. Tofauti ya milimita 2 ikijirudia safu 25 inakuwa sentimita 5, na linta, boriti ya juu ya milango na madirisha, haitakaa. Kwa hiyo pima kimo cha matofali kabla ya kuyapanga, yaliyozidi au kupungua yatenge.

Safu hiyo mlipe fundi kwa siku, si kwa idadi ya matofali. Akilipwa kwa idadi ataikimbiza, na safu zinazofuata vibarua watazipanga juu ya kosa lake.