Baba mdogo amerudi kwenye daftari

Maswali ya wasomaji

SWALI: Habari ya kazi, dada? Mimi ni kijana wa Arua, nimejifundisha mwenyewe kutengeneza tovuti. Nimeitengenezea steji yetu ya boda boda tovuti ndogo ya akiba. Kila mwanachama huweka shilingi 2,000 kwa siku, na mweka hazina ni baba yangu mdogo. Aliitumia wiki moja, akanishukuru sana, kisha akarudi kwenye daftari lake. Nikimuuliza, anasema: "Ni nzuri, mwanangu, lakini ina mambo mengi." Rafiki zangu wanasema niachane na vitu vya mtaani, nilipie kozi ya usanifu wa violesura (skrini na vitufe anavyotumia mtu kwenye programu), halafu nichore upya skrini za programu kubwa ili nipate cha kuwaonyesha waajiri. Nakutumia anwani ya tovuti na picha ya ukurasa mmoja wa daftari. Nifanyeje?

JIBU: Kozi isubiri, mdogo wangu. Wewe tayari una kitu ambacho wengi wanaolipia kozi hawana: mtu aliyeitumia kazi yako, akaiacha, na bado unakula naye chakula cha jioni. Anayechora upya skrini za kampuni kubwa kazi yake hupendeza, lakini hakuna atakayekwama kwenye mchoro wake, kwa hiyo hajui hata siku moja kama amepatia.

Nimeifungua tovuti yako kwenye simu, mchana, nikiwa nje. Picha ya pikipiki uliyoweka juu ina megabaiti 3. Tangu Julai 2021 bando letu la intaneti hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12 ndani yake. Usimfanye mwanachama ailipie picha ya pikipiki ilhali ameikalia yenyewe. Maandishi nayo ni ya kijivu juu ya nyeupe, na jua likiwaka hayaonekani. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu chako, kile ulichokiandika #aaa kwenye msimbo, kinatoa 2.3 hivi. Kompyuta yako iko chumbani, ndiyo maana hukuliona hilo. Steji iko juani.

Halafu nikampa simu kijana mmoja wa steji ya hapa kwetu Bwaise, mtu wa Koboko. Nikamwambia: weka akiba ya leo, 2,000, na kila unachofikiri kiseme kwa sauti. Nikanyamaza. Katika kazi hii kunyamaza ndiko kugumu kuliko kuandika msimbo wa programu, maana kidole kinakuwasha uelekeze.

Alikwama mlangoni. Tovuti inataka barua pepe na neno la siri. Barua pepe anayo, alifunguliwa na aliyemuuzia simu, ila haikumbuki wala hajawahi kuihitaji. Namba ya simu anaitaja usingizini. Nikamfungulia mimi. Alipogusa sehemu ya kiasi ikatokea kibodi ya herufi, akahangaika kutafuta tarakimu (weka inputmode="numeric" kwenye hiyo sehemu, yatosha). Akaandika 2000, na kwa kuwa umetanguliza ".00" pale mwisho, akasimama akaniangalia: "Hii ni elfu mbili au laki mbili?" Senti unamwekea nani hapa Uganda? Ondoa nukta, weka mkato kwenye maelfu.

Jambo kubwa lilikuja baada ya hapo. Alibonyeza "Hifadhi" na skrini ikabaki vile vile, kwa sababu mtandao ulikuwa unasuasua. Akangoja. Akabonyeza tena. Nilipoangalia orodha, akiba yake ilikuwa imeingia mara mbili. Kwa mweka hazina hilo ni balaa: jioni atahesabu noti na tovuti itamwita mwizi.

Usiseme yule kijana hana subira. Amefundishwa hivyo, tena vizuri. Mobile Money ya MTN ilianza hapa mwaka 2009, na anayepiga *165# kutuma pesa anaonyeshwa jina la anayetumiwa kabla ya kuweka namba ya siri. Pesa ikishatoka, ujumbe unaingia na salio lake. Kwa hiyo kila aliyewahi kutuma pesa kwa simu ana matarajio: nionyeshe kabla, nijibu baada. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika orodha ya kanuni 10 za violesura mwaka 1994, na ya kwanza ni hiyo hiyo, kwamba mfumo umjulishe mtumiaji kinachoendelea. Kitufe kikibonyezwa, kizime, kiandike "Inahifadhi...", ikishaingia, sema wazi: "Namba 14 ameweka 2,000. Jumla yake 38,000." Mtandao ukikatika, sema hivyo pia, na tarakimu alizoandika zisifutike.

Sasa daftari. Ile picha nimeitazama muda mrefu kuliko tovuti yenyewe, unisamehe. Baba yako mdogo hapangi watu kwa alfabeti. Anawapanga kwa namba zao za steji, na wengi amewaandika kwa majina ya utani. Wewe umemtaka ajaze "jina la kwanza" na "jina la ukoo". Ukurasa wake mmoja unaonyesha steji nzima kwa wiki nzima, siku zimepangwa juu, watu kando. Wako unaonyesha mtu mmoja, urudi nyuma, ufungue mwingine. Na tazama wino: aliyemaliza wiki amepigwa mstari mwekundu. Kwenye tovuti yako jina jekundu ni la mdaiwa! Mzee wa watu alikuwa anasoma wadaiwa kama waliomaliza, ndiyo "mambo mengi" hayo, na hawezi kukwambia kwa sababu wewe ni mtoto wake na umejitahidi.

Kwa hiyo anza upya skrini moja tu, ile ya jedwali la wiki. Namba ya steji kushoto, siku juu, kugusa kisanduku mara moja kunaandika 2,000. Visanduku viwe vikubwa. Mwongozo wa Google wa Android unapendekeza eneo la kugusa lisipungue dp 48 kila upande (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini), na huyo ni mtu mwenye vidole vya kushika klachi. Wiki haitatosha kwenye upana wa simu, najua. Onyesha leo, jana na juzi, nyingine ziburutwe. Nyekundu iachie maana yake ya daftarini. Na saa ya mkutano: umeandika 02:00 kwa sababu mtu alijaza "saa 2". Hapa saa mbili ni asubuhi, kwa Kiswahili na kwa Luganda pia, basi weka "saa 2 asubuhi" achague.

Baba mdogo pekee hatoshi kupima, anakupenda mno. Nenda kwa waweka hazina wa steji nyingine. Nielsen huyo huyo alishauri mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kwa duru moja: rekebisha, kisha rudi na wengine. Mwajiri akikuita, muwekee mezani picha ya daftari, skrini ya kwanza na ya sasa, umweleze habari ya wino mwekundu.

SWALI: Shangazi, niko Jinja, nina kompyuta iliyotumika na bando la kubahatisha. Nianze na Figma, ile programu ya kuchora skrini, au na kuandika msimbo? Dada yangu ana saluni, nataka kumtengenezea kitu.

JIBU: Anza na kalamu na karatasi, kisha HTML na CSS, lugha za kuandikia kurasa za tovuti. Figma inataka intaneti. Ukurasa wa HTML unauandika kwenye Notepad na kuufungua kwenye kivinjari bila hata megabaiti moja. Figma utaijua baadaye, haikimbii.

Kitu chenyewe kiwe ukurasa mmoja wa mitindo na bei. Usiweke salamu ndefu wala picha zinazozunguka. Bei ziwe kubwa, muda wa kusuka kila mtindo uandikwe pembeni, namba ya simu ikiguswa ipige. Halafu Jumamosi, siku ya foleni, kaa saluni usikilize wateja wanamuuliza dada yako nini. Swali likirudi mara ya pili na jibu halimo kwenye ukurasa, liongeze juu kabisa.